Gari Lisilowaka Halihitaji Breki

Jumapili, 16 Machi

Pikapu ya marehemu mwanangu Matthew haina ugonjwa. Mimi ndiye ninayeizuia isiwake. Jambo hili nimelificha kwa mjane wake, kwa fundi na kwa kanisa. Naliandika hapa kwa sababu daktari wa Kitale ameniambia nisipande kitu cha kungojewa mavuno. Alicheka, nami nikacheka. Moyo umechoka. Miguu imejaa maji. Nikibonyeza kifundo, shimo la kidole linabaki.

Naandika kwa penseli kwa kuwa mkono hauna tena nguvu za kalamu ya wino. Penseli hii hii ndiyo inayofanya kazi ile nyingine.

Chini ya boneti kuna kifuniko cheusi cha plastiki ambacho mafundi hukiita kofia. Humo ndani moto wa koili hugawanywa kwenda kwenye plagi nne. Nikiifungua kofia na kuchora mstari mmoja mzito kwa ndani, kutoka kitovuni hadi ukingoni panapogusana na chuma, moto hufuata mstari huo na kupotelea kwenye bodi ya gari. Risasi ya penseli hupitisha umeme. Niliwafundisha hayo watoto wa darasa la saba kwa betri na balbu, miaka yote niliyofundisha sayansi na Kiswahili. Stata inazunguka, injini inakohoa, haishiki. Ni mstari mweusi juu ya plastiki nyeusi. Atauona anayeutafuta, na hakuna anayeutafuta.

Sababu ni hii. Mwanzoni mwa mwezi Nakhumicha, mke wa mwanangu, alikuwa nyuma ya jiko akizungumza kwa simu na kaka yake aliye Chwele. Dirisha langu lilikuwa wazi, na pikapu ilikuwa bado inangoja betri mpya. Alisema: "Gari ikiwaka tu, nakuja. Nataka kurudisha mahari yake. Mzee nitamwambia nikishamaliza." Nimeandika kama alivyotamka.

Ng'ombe wa mahari wako kwa huyo kaka yake. Kwetu Wasabaoti na kwao Wabukusu pia, ng'ombe wakirudi ndoa imevunjika, hata kama mume yuko kaburini. Hawakujaliwa mtoto. Ng'ombe ndio kamba iliyobaki. Angeweza kwenda kwa matatu, najua, lakini nadhani atataka gari la kubebea kitanda na cherehani yake. Akiondoka, nyumba hii itabaki na mimi na saa ya ukutani.

Leo alikwenda kanisani. Nilijikongoja hadi kibanda cha gari, nikachora. Sikuhisi kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Pikapu haikuwaka.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi Wabwile amekuja kutoka Kimilili kwa bodaboda, mfuko wa spana begani. Yeye na Nakhumicha waliisukuma pikapu kutoka kibandani hadi uani. Mimi niliwekewa kiti barazani, blanketi magotini.

"Mama, kata stata," Wabwile akasema. Nakhumicha, aliyeketi mahali pa dereva, akageuza ufunguo. "Tena. Tena. Basi, basi! Utamariza beteri, halafu tuanze kurilia na hiyo pia."

Akafungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. Nakhumicha akakata stata tena. Hakuna cheche.

"Unaona? Koiri iko sawa. Beteri iko sawa. Moto inatoka huku vizuri, inapotea kwa njia, kama mzee ametumwa sukari akapitia kwa pombe ya busaa."

"Koili," nikasema kutoka kwenye kiti.

"Ndiyo, Mwalimu. Koiri."

Nakhumicha akaficha mdomo kwa leso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona karibu na kucheka tangu Agosti, Matthew alipokufa kwa figo.

Nilifundisha upande wa Bungoma zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi. Huko ulimi hubadilisha r na l bila kumwuliza mwenyewe. Nikisoma imla, "wananchi walipiga kura", daftari zilirudi na wananchi waliopiga kula. Nilitumia wino mwekundu mwingi. Baada ya miaka sikuhitaji tena kufikiri; masikio yalinyoosha maneno yenyewe kabla hayajafika akilini. Nakhumicha alipoletwa hapa kwa mara ya kwanza alisema mbele ya wageni, "Nashukulu sana, Baba." Nikamrekebisha. Wageni walicheka. Tangu siku hiyo huzungumza nami kwa sentensi fupi.

Wabwile akaifungua kofia, akaipangusa kwa kitambaa chenye petroli, akaikausha kwa pumzi yake, akaifunga. Pikapu ikawaka.

"Ni unyevu," akasema. "Mvua ikianza gari za zamani zinafanya hivi."

"Na breki, fundi?" Nakhumicha akauliza. "Pedali inazama."

"Breki ni ya siku ingine, mama. Kwanza iwake. Gari haiwaki, utashika bleki ya nini?"

Alisema breki na bleki katika pumzi moja. Nilimwacha.

Jumapili, 23 Machi

Alikwenda kanisani. Nilichora.

Jumatatu, 24 Machi

Haikuwaka. Alikata stata mara chache, akatoka, akafunga mlango bila kuubamiza. Baadaye aliniletea uji. Kwao mke wa mwana hampi baba mkwe mkono wala hamgusi, kwa hiyo kikombe hukiweka mezani, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo nami nikakichukua. "Uji, Baba." "Asante." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Jumapili, 30 Machi

Nilichora. Mvua kubwa.

Jumapili, 6 Aprili

Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Jelimo, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyewaongoza. Baada ya maombi alivuta kiti chake karibu nami, ingawa sauti yake ilikuwa ya kusikiwa na wote.

"Mwalimu, wewe umesoma, utanicheka. Lakini hiyo gari imekataa mwenyewe. Matthew hajakubali."

"Amekataa nini?" nikauliza.

"Si kushikwa na mwanamke? Fundi anatengeneza, inawaka, Jumatatu imekufa tena. Hiyo ni plagi kweli? Ai."

"Matthew ndiye aliyemfundisha kuendesha."

"Kufundisha ni kitu kingine, bana. Kurithi ni kitu kingine."

Nakhumicha alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alisikia. Aliweka chupa mezani, akapanga vikombe, vishikio vyote vikiangalia upande mmoja.

Ningeweza kusema neno. Ningesema unyevu, ingetosha. Nilikunywa chai.

Walipoondoka alikwenda kwenye kaburi nyuma ya shamba la mahindi. Niliona kutoka dirishani. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akauonyesha msalaba, kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini. Alizungumza Kibukusu. Sikusikia maneno. Mvua ilianza, hakuondoka upesi.

Nimejichunguza kama ninamhurumia. Kisha nikachonga penseli.

Ijumaa, 11 Aprili

Mahindi yameota. Miguu imezidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Wabwile amekuja na kofia mpya kutoka Kitale. Ya zamani aliitupa juu ya nyasi, karibu na kiti changu. Mstari wangu ulikuwa umo ndani. Kuku mmoja aliidonoa.

Gari liliwaka mara moja. Nakhumicha akapiga makofi, kisha akaona ninamtazama, akaiweka mikono chini.

"Sasa breki," akasema.

Wabwile akaingia, akakanyaga pedali. Ilizama hadi sakafuni. Akapampu, mara ya pili na ya tatu ikasimama juu, ngumu. Akauacha mguu wake pale bila kuunyanyua, ikazama tena polepole.

"Hii inakuambia yenyewe," alisema. "Ingekuwa ni hewa tu, ingekuwa rainiraini kama sponji. Lakini ikisimama halafu irare, mafuta inatoka. Kuna mahari inavuja."

"Mahali," nikamsahihisha.

"Ndiyo, Mwalimu. Mahari." Akachungulia chini ya gari, lakini ua wote ulikuwa matope na maji, hakuna doa linaloonekana juu ya maji. Akajaza mafuta ya breki kwenye kile kikopo chake karibu na betri. "Nitarudi siku ya jua nifungue magurudumu. Saa hii mvua inakuja, na leo Alhamisi Kuu mke wangu ataniua."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nakhumicha alikwenda ibada ya alfajiri akiwa na gauni jeupe. Aliniachia yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi.

Kofia mpya ni laini, risasi haishiki upesi. Ilinibidi kuchora na kurudia. Mstari ulipinda, nikaona aibu ya mwalimu ambaye mstari wake umepinda. Hiyo ndiyo aibu pekee niliyoona.

Jumatatu, 21 Aprili

Haikuwaka. Hakumpigia fundi. Alikaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, mpaka vioo vikajaa ukungu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika haya kwa urefu.

Nilitoka Nakhumicha alipokwishapita getini kwenda kanisani. Jua lilikuwa limewaka siku mbili na sakafu ya kibanda ilikuwa kavu. Nilipozunguka gari kwa kushikilia bodi, niliona gurudumu la nyuma la kushoto lina mchirizi kwa upande wa ndani, na chini yake doa. Niliinama nikagusa. Si maji. Maji hukauka kwenye kidole. Hili lilibaki, likawa utelezi, na harufu yake naijua. Ni silinda ndogo ya gurudumu lile. Raba zake zimekwisha, na kila pedali ikikanyagwa mafuta yanatoka kidogo. Ndipo mahali alipopatafuta Wabwile. Fundi yeyote hulimaliza jambo hilo asubuhi moja.

Nilifikiri. Nikisema, Wabwile ataletwa. Akiletwa atafungua kila kitu, na safari hii kukiwa na jua. Nikakumbuka maneno yake mwenyewe. Gari lisilowaka halihitaji breki. Nikajifuta kidole kwenye suruali.

Kwenye kofia sikuhitaji kufanya kitu, mstari wa Pasaka ulikuwa bado upo. Nilipokuwa narudi, mguu ulikataa kupanda ngazi ya baraza. Nilianguka kwa ubavu, nikalala pale. Kuku walikuja kuniangalia. Nilisikia kanisa likiimba ng'ambo ya kijito, wimbo wa kutolea sadaka, kisha wa kufunga. Sikuogopa. Niliwaza tu kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa.

Nakhumicha alinikuta. Alitupa Biblia na mwavuli, akasimama hatua zile zile chache anazosimama siku zote, mikono imenyooshwa, haifiki. Niliona anavyopigana na mila ya mama zake. Kisha akasema, "Baba, nisamehe," akapitisha mikono chini ya makwapa yangu akaniinua. Ana nguvu. Alininyanyua kama gunia lisilojaa.

"Ulikuwa unafanya nini huku nje, Baba?"

"Nilikuwa naangalia gari."

Alisimama. "Kwa ajili yangu?"

Nikanyamaza. Alipokea kimya hicho kama jibu. Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akanivua viatu, akaniosha matope miguuni, kidole kwa kidole, akilia bila sauti. Akaiona penseli mfukoni mwa shati.

"Hata penseli hujaiacha," akasema, akatabasamu. "Walimu."

Maji ya beseni yalikuwa ya joto. Nilijua ni ya joto kwa kuyaona yakifuka.

Jumapili, 11 Mei

Sitoki tena nje bila mtu. Mstari wa Pasaka ndio wa mwisho.

Alhamisi, 15 Mei

Nakhumicha alizungumza na kaka yake tena kwa simu. Safari hii alikuwa barazani, hakujificha. "Jumatatu ndiyo ya mwisho? Basi waambie nitakuja, hata kama ni kusukuma mpaka huko." Hakutaja neno lile.

Jumapili, 18 Mei

Wabwile alikuja alasiri, akiwa na suti ya kanisani, akavaa ovaroli juu yake.

"Mama amenisumbua kwa simu mpaka pasta ameniangaria vibaya. Mwalimu, hii gari yenu ikipata ugonjwa ingine, nitairetea maombi, si spana."

Aliifungua kofia, akaiweka kwenye mwanga, akaigeuza. Nilimtazama. Alipitisha kucha ndani, akaiangalia kucha, ikawa nyeusi. "Masizi," akasema. "Mpya hivi na iko na masizi." Akaipangusa. Gari likawaka, likanguruma, likaendelea kunguruma.

Nakhumicha akamwuliza breki.

"Nimeongeza mafuta. Ukifika mteremko, pampu mara mbiri, tatu, itashika. Jumanne nakuja kufungua magurudumu yote, haki ya Mungu. Saa hii giza inaingia na sina raba." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uko na hii gari siku yote. Umeona mahari inavuja?"

Nilielewa swali. Sikumsahihisha.

"Sijaona," nikasema.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nilimwona kutoka dirishani akipakia. Magunia ya viazi, akisaidiwa na mume wa Jelimo. Turubai. Mzani wa Matthew wa kuning'iniza, aliokuwa ameufuta kutu. Kigoda kimoja. Kitanda hakikupakiwa. Cherehani ilikuwa bado chumbani kwake, nilimsikia akiifunika.

Alikuja na uji akiwa amevaa koti la Matthew, mikono ya koti imekunjwa.

"Baba, naenda Chwele. Jelimo atakuja kukuangalia mchana. Nitarudi jioni."

"Nenda polepole," nikasema.

Nilidhani hilo linatosha. Hapana. Sikudhani kitu. Nilisema kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Niliisikia pikapu ikitoka getini, ikibadilisha gia, ikishuka. Kutoka kwetu barabara huteremka hadi daraja la kijito, na upande mmoja wa daraja hauna ukuta. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilisikia injini ikipiga kelele, kama gia inayorudishwa chini kwa nguvu, mara moja, kisha tena. Kisha sauti kama mtu ameangusha mlango wa bati. Kisha ndege.

Uji ulikuwa bado haujapoa Jelimo alipokuja mbio, viatu mkononi.

"Mwalimu! Mwalimu! Gari imepanda ukingo! Breki zimekataa!"

"Amekufa?"

"Hajakufa. Ameona daraja akakata kona, akaingiza gari kwa ukuta ya udongo. Angeendelea mbele angekuwa majini. Damu hapa, na bega... Viazi imejaa barabara yote." Akakaa chini, sakafuni, akapumua. "Nilisema mimi. Si nilisema? Matthew hajakubali."

"Matthew hahusiki," nikasema.

Ni sentensi pekee ya kweli niliyomwambia mtu msimu huu, na Jelimo aliichukua kama imani ya mtu aliyesoma.

Jumanne, 20 Mei

Wabwile alikwenda kuliangalia gari pale ukingoni. Alikuja kusimama mlangoni kwangu na silinda mkononi, imeloa.

"Nyuma, kushoto," akasema. "Ni mimi, Mwalimu. Ningefungua siku ile. Ni mimi."

Alilia, mtu mzima. Nilimwambia akae. Hakukaa. Sikumwambia kingine.

Ijumaa, 23 Mei

Nakhumicha amerudi kutoka hospitali ya Kitale. Mfupa wa mtulinga begani umevunjika, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na ana nyuzi juu ya jicho. Uji sasa huletwa na Jelimo. Nakhumicha huja nyuma yake, akasimama, ili nione kwamba yupo.

Jumapili, 25 Mei

Hakwenda kanisani kwa sababu ya bega. Alikuja kukaa chumbani kwangu. Akavuta kigoda, akaketi karibu kuliko mila inavyoruhusu; tangu siku ya beseni mila ile imelegea.

"Wamepeana, Baba," akasema.

"Wamepeana nini?"

"Pale Chwele. Kamati ya soko ilisema kama hakuna mtu anauza hapo mpaka Jumatatu hiyo, wanampa mwingine. Kaka yangu aliwaomba tangu mwezi wa tatu. Sasa kuna mtu wa vitunguu."

Nilitazama dari. Nikasema nililokuwa nimelitayarisha, ili nionekane kama mtu anayeuliza.

"Nilikusikia siku moja kwa simu. Nikajua unakwenda kurudisha mahari."

Alinikodolea macho, jicho moja limevimba. "Mahari? Ng'ombe? Nirudishe ng'ombe ya Matthew, mimi niende wapi?" Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika. Akaweka mkono mzima juu ya mdomo. "Woi, Baba. Si mahari. Ma-ha-li." Alilitamka polepole, ulimi juu, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Mahali yake. Pale alikuwa anaegesha gari, chini ya ile taa, anauza viazi. Watu bado wanauliza, yule wa viazi wa Kitale yuko wapi. Nilitaka nirudishe hiyo. Sikukuambia kwa sababu ungesema mwanamke asikae sokoni. Nilitaka kukuambia nikishaipata."

"Ndiyo," nikasema.

"Na wewe hii miezi yote umelala hapa ukijua nakuacha?"

"Ndiyo."

Alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. "Ni huu ulimi wangu," akasema. "Pole, Baba. Ulimi wangu umekuumiza bure. Ungenirekebisha tu, kama siku ile ya wageni."

Nilimwachia mkono wangu aushike.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepungua. Mahindi yamefika kiunoni, wanasema.

Jumapili, 1 Juni

Namsikia jikoni. Anapepeta mchele kwa mkono mmoja na anafanya mazoezi ya maneno kwa sauti ndogo. Mahali. Kulala. Kura. Shukuru. Akikosea anaanza upya. Jelimo alimwuliza anaimba nini, akajibu, "Nasoma. Baba asiteseke tena kunisikia."

Jumapili, 8 Juni

Sasa hata penseli ni nzito. Nitaandika hili kisha nimwite, nimpe daftari hili mkononi mwake.

Nakhumicha, mstari ulikuwa wangu, umeusoma. Mafuta ya gurudumu la kushoto niliyagusa kwa kidole na nikakutuma mteremkoni, umeyasoma. Mwambie Wabwile si yeye. Mwambie Jelimo Matthew alikubali.

Limebaki moja. Rudi nyuma uangalie. Maneno yako yote katika kurasa hizi nimeyanyoosha, r na l kila moja inapostahili, kwa sababu ndivyo masikio yangu yanavyokupokea, bila mimi kujaribu. Ukiacha shukrani ile ya siku ya wageni, sentensi moja tu niliiacha kama ulivyoitamka, ile ya dirishani, kwa kuwa ikiandikwa hivyo inanipa sababu. Sikuogopa uondoke. Niliogopa kufa siku ya soko, nyumba ikiwa tupu, nawe uko chini ya taa ya Chwele ukicheka na wateja wa mwanangu.

Acha kuunyoosha ulimi. Siku ile dirishani nilisikia mahali.